Mitego ya matapeli katika fuo za Homa Bay na Migori, na jinsi mgeni anavyoweza kuikwepa

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika fuo za Ziwa Victoria upande wa Homa Bay na Migori, kauli hiyo imepata uzito mpya miaka ya karibuni. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka ziliandaliwa mjini Homa Bay, na Agosti ya mwaka uo huo mji huo ukawa mwenyeji wa kongamano la ugatuzi. Watu wengi ambao hapo awali walilijua ziwa hilo kwenye ramani tu walirudi makwao na picha za machweo ya Mbita, mchanga mweupe wa Takawiri na mawe ya Thimlich Ohinga. Picha hizo zimewavuta wengine.

Wageni wanapoongezeka upesi kuliko vyumba, mashua na waelekezi, tapeli hupata upenyo. Hali hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Kisiwani Unguja, vijana wanaowaandama watalii kuanzia bandarini hadi vichochoro vya Mji Mkongwe wamepewa kabisa jina lao, papasi. Katika fuo za Diani na Malindi, mgeni husalimiwa kwa bashasha na mtu anayedai kuwa mpishi wa hoteli alikofikia, ati mbona hamkumbuki? Mgeni huona haya kusema hamjui, na haya hiyo ndiyo mtaji wa yule mtu.

Ziwani mambo yana sura nyingine. Ufuo wa Mbita, wa Sori au wa Muhuru Bay kimsingi ni mahali pa wavuvi kutia nanga, wachuuzi kununua omena na akina mama kukausha samaki. Wengi wanaomkaribia mgeni wana shughuli zao halali, na anayemwita "omera" aghalabu anamsalimia tu. Kwa hiyo haifai kumwogopa kila anayetabasamu. Lakini tapeli naye huvaa tabasamu lilo hilo, na hana alama usoni.

Hila zenyewe zikichunguzwa, karibu zote zina umbo moja. Mgeni huondolewa polepole mahali penye ofisi, tiketi, bei iliyobandikwa au jina lililosajiliwa, akapelekwa mahali pasipo na kitu ila neno la mtu mmoja na nambari yake ya simu. Anayelielewa hilo hahitaji kukariri maonyo mengi. Inamtosha kujiuliza, kila anapotakiwa kutoa fedha, iwapo kuna mtu wa pili anayeweza kuthibitisha anayoambiwa na mtu wa kwanza.

Chumba kisichokuwepo

Hila ya kawaida humkuta msafiri akiwa bado Nairobi, Eldoret au ng'ambo. Kwenye mtandao wa kijamii anaona nyumba nzuri kando ya maji, minazi, viti vya kupumzikia na bei inayopendeza. Anaandika ujumbe, anajibiwa mara moja kwa adabu tele, na anaelezwa kwamba vyumba vimebaki viwili tu. Ili asikose, atume arbuni, nusu ya gharama, kwa nambari ya simu ya "meneja". Anatuma. Siku ya safari simu ya meneja haipatikani, na ile nyumba ya pichani hubainika kuwa ya hoteli nyingine, pengine hata haiko kwenye ziwa hilo.

Ukatili wa hila hii hutokana na jiografia. Anayetapeliwa chumba mjini Mombasa huvuka barabara akatafuta kingine. Anayefika Mbita magiricha akitarajia kulala Takawiri au Mfangano hana barabara ya kuvuka. Mashua za abiria zimekwisha kusimama, giza linaingia, na watoto wamechoka. Hapo ndipo hujitokeza mtu wa pili, mwenye chumba cha bei maradufu, na si lazima awe mshirika wa yule wa kwanza. Dhiki ya mgeni huonekana kwa mbali.

Tiba yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Hoteli inayoendeshwa kisheria nchini Kenya huwa na leseni kutoka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA), iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na haiwi vigumu kwake kutuma nakala ya leseni hiyo. Aghalabu huwa pia na nambari ya Lipa na M-Pesa au ya Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mtu anapolipa, jina la mpokeaji huonekana kabla ya malipo kukamilika. Likitokea jina la mtu binafsi ambalo halikuwahi kutajwa katika mazungumzo, huo ndio wakati wa kusitisha, wala si wa kujipa moyo kwamba pengine ni mhasibu.

Ipo njia nyingine ya kale inayofanya kazi vizuri: kumpigia mtu wa pili. Homa Bay si jiji kubwa. Mwenye hoteli Rusinga anajulikana na mwenye duka Mbita, na mhudumu wa bodaboda anajua ni nyumba zipi zinapokea wageni. Aliye na rafiki, mwanafunzi mwenzake wa zamani au hata mfanyakazi mwenzake mwenye asili ya Suba au Rachuonyo anaweza kupata jibu kwa simu moja. Haya hayapaswi kuingilia kati. Fedha zikishatolewa upande wa pili, kuzirudisha ni kazi ngumu mno.

Bei ya kwenda, bei ya kurudi

Ziwani, chombo cha usafiri ndicho kila kitu, na ndipo mgeni hupoteza zaidi. Feri inayovuka kati ya Mbita na Luanda K'Otieno ina nauli yake na tiketi, na anayeipanda hana haja ya wakala yeyote. Kijana anayejitolea "kumshikia nafasi" mgeni kwa ada ndogo anauza kitu ambacho hakina mwenyewe.

Mashua za injini za kukodi ndizo zenye utata. Mfano wa kawaida ni huu: bei inatajwa, mgeni anaridhika, safari inakwenda vyema. Baada ya kuogelea na kula ngege wa kukaanga, nahodha anaeleza kwa upole kwamba bei ile ilikuwa ya kwenda tu. Au ilikuwa ya kila kichwa, si ya mashua nzima. Au mafuta yamekwisha na lazima yanunuliwe kisiwani, ambako ni ghali zaidi. Mgeni aliyezungukwa na maji pande zote hana nguvu ya kubishana.

Ni haki kusema kwamba si kila anayedai fedha za mafuta mapema ni mlaghai. Injini za mashua hunywa petroli kwa pupa, na wenye vyombo wengi hawana akiba ya kujaza tangi kabla ya kulipwa. Wengine wamewahi kuachwa na mteja aliyebadili nia mashua ikiwa tayari imejazwa. Kulipa sehemu ya gharama mwanzoni ni utaratibu wa kawaida. Kinachomlinda mgeni ni kutaja mambo manne kwa sauti kabla ya kupanda: ni kwenda na kurudi, ni mashua nzima, mafuta yamo ndani ya bei, na saa ya kurudi ni fulani. Fedha zilizosalia zilipwe baada ya kukanyaga nchi kavu tena pale pale safari ilipoanzia. Nahodha mwaminifu hukubali bila kinyongo.

Mazungumzo hayo yakifanyiwa mbele ya ofisi ya BMU, ni bora zaidi. Karibu kila ufuo wa kutia nanga ziwani una kikundi cha usimamizi wa ufuo, kinachofahamika kwa herufi hizo tatu, chenye mwenyekiti, katibu na daftari. Viongozi hao wanajua mashua ipi ni ya nani, ni nani anaaminika na nani amewahi kulalamikiwa. Mgeni anayepita hapo na kusema anataka kwenda Mfangano huwa tayari amejiwekea shahidi, na hata bei hupoa.

Hata hivyo, ulaghai mkubwa wa majini hauhusu bei ya juu. Unahusu bei ya chini. Mashua inayotoza nusu ya wenzake huweza kufanya hivyo kwa sababu inajaza watu kupita kiasi, haijakaguliwa, au haina jaketi za kuokolea maisha. Abiria huambiwa jaketi "ziko chini ya viti", na huko chini kuna mbili zilizochanika. Mamlaka inayosimamia usafiri wa majini nchini, KMA, ndiyo inayokagua na kutoa vyeti vya vyombo hivyo, na kila abiria anastahili jaketi yake mwenyewe, inayomtosha, watoto wakiwemo.

Ziwa hili halina huruma. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya anasa iitwayo MV Templar ilizama upande wa Mukono, Uganda, ikiwa imewabeba watu waliokwenda kustarehe mwisho wa juma. Haikuwa na leseni, na ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Waliofariki walikuwa zaidi ya 30. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara nchini Tanzania na kuua zaidi ya watu 200. Hakuna punguzo la nauli linaloweza kulinganishwa na hayo.

Wavuvi wenyewe hupendelea kuvuka asubuhi, maana alasiri upepo huinua mawimbi. Anayemshawishi mgeni kuondoka saa kumi na moja jioni kwa mashua ndogo, akimhakikishia kwamba ziwa limelala, anafikiria malipo ya siku hiyo. Magugu maji nayo huweza kuziba njia na kuizuia mashua kwa saa nyingi. Vilevile, yule anayemwambia mgeni kwamba ufuo wake "hauna kichocho" asiaminiwe kwa neno tu; ugonjwa huo husambazwa na konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye mimea, na upo sehemu nyingi za mwambao. Kuhusu viboko na mamba, wa kuulizwa ni wavuvi wa hapo, si mwenye kukodisha viti.

Malango, waelekezi na mawe ya kale

Vivutio vya Homa Bay na Migori vina wamiliki tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hutumiwa kumchanganya mgeni. Mbuga ya Ruma, iliyo katika bonde la Lambwe na yenye ukubwa wa kilomita mraba 120, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndiyo makao ya pekee nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki, wala hakuna fedha taslimu zinazopokewa langoni. Kwa hivyo mtu anayemsimamisha mgeni njiani, hata akiwa amevaa fulana ya kijani, na kumtaka amkabidhi noti ili "amsaidie kuingia kwa bei ya mwenyeji", anatangaza mwenyewe kuwa ni tapeli.

Thimlich Ohinga, iliyo umbali wa kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, iko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, zinazofikia mita 4 na zaidi kwenda juu, zinaaminika kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya turathi za dunia. Ada yake ina risiti, na yupo mwelekezi wa makavazi anayejua historia ya mahali hapo. Tatizo liko njiani. Mgeni anayekodi bodaboda kwenda huko bila kukubaliana kwamba mwendeshaji atamsubiri hujikuta porini jioni, akilipa anachoambiwa. Hapa tena linalohitajika ni neno moja tu kabla ya safari: kwenda, kusubiri na kurudi.

Vipo pia vivutio vinavyosimamiwa na jamii, kama vile michoro ya kale ya miambani kule Mfangano. Mgeni akitozwa ada ndogo huko, asidhani ametapeliwa kwa sababu hakuna mashine ya risiti. Kijiji kinacholinda michoro hiyo kinastahili kufaidika nayo. La kuuliza ni ada hiyo huingia kwa nani, na iandikwe kwenye daftari la wageni. Makavazi ya amani ya Abasuba kisiwani humo huweza kumwelekeza mgeni kwa mwongozaji anayefahamika.

Mfano mzuri wa ugumu huu ni ziwa dogo la Simbi karibu na Kendu Bay. Kisa cha Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama, husimuliwa hivi: bikizee mmoja alifika usiku kijiji kikiwa katika ulevi na karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa; mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Bikizee akamwambia ahame, kisha mvua ikanyesha na kijiji chote kikamezwa na maji. Kila mtoto wa sehemu hizo anakijua kisa hicho, na hakuna ubaya kijana kukisimulia kwa ujira. Ubaya huanza anaposema kwamba kando ya ziwa hairuhusiwi kutembea bila yeye.

Rusinga ina mtego wake wa pekee. Kisiwa hicho, kilichounganishwa na Mbita kwa daraja, ndicho alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na wengi huzuru kaburi lake. Lakini Rusinga pia ni hazina ya visukuku. Huko ndiko Mary Leakey alikofukua, mwaka 1948, fuvu la nyani mkubwa wa kale aliyejulikana kwa jina la Proconsul, aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Ndipo mgeni huweza kukutana na mtu mwenye mfuko wa "mawe ya kale", akimwuzia jino au kipande cha mfupa kwa siri. Mara nyingi huwa ni jiwe tu. Likiwa kweli ni kisukuku, mambo huwa mabaya zaidi, kwani Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na anayekamatwa navyo uwanja wa ndege ni mnunuzi, si muuzaji. Katika biashara hii, bahati nzuri ya mgeni ni kutapeliwa.

Dhahabu ya Migori

Hasara kubwa kuliko zote haipatikani ufuoni. Hupatikana kilomita chache kutoka hapo, na huwapata watu ambao hawakuja na nia ya kununua chochote ila samaki. Migori ina dhahabu ya kweli. Machimbo ya Macalder huko Nyatike yalikuwa maarufu tangu enzi za ukoloni, na hadi leo maelfu ya wachimbaji wadogo huteremka mashimoni kwa nyundo na taa. Ukweli huo ndio unaoupa ulaghai nguvu. Jina Migori hutajwa hata katika njama zinazosukwa mijini Nairobi, ambako kashfa za dhahabu bandia zimewaponyoka wageni mamilioni ya fedha, na mwaka 2019 mojawapo ilizua msukosuko hadi Dubai.

Mchezo wenyewe huchezwa kwa subira. Mgeni anayetembelea fuo hutambulishwa kwa mtu mpole, mara nyingi mzee, ambaye ana binamu mchimbaji. Binamu amepata vumbi la dhahabu lakini ana shida ya dharura, labda karo au ugonjwa, hivyo anauza kwa nusu ya bei. Mgeni anaonyeshwa chembe chache, anaruhusiwa kuzipeleka kwa sonara yeyote amtakaye, na sonara anathibitisha kuwa ni dhahabu safi. Ni safi kweli. Sampuli haidanganyi kamwe. Kazi yake ni kununua imani. Siku ya mzigo wenyewe kila kitu hufanywa haraka, ndani ya gari au chumbani, na kilichofungwa kwenye kitambaa huwa ni shaba nyeupe au risasi iliyopakwa juu. Au kabla ya mzigo kukabidhiwa hujitokeza "maafisa" wanaodai ushuru, na baada ya ushuru ada ya ghala, na baada ya ada hiyo bima.

Hoja moja inatosha kuivunja ngano hii yote. Mchimbaji wa Nyatike anaijua bei ya dunia. Ana simu mkononi, na wanunuzi wa kila siku wanamngoja pale machimboni na mizani yao. Mwenye dhiki ya karo huuza gramu zake mbili kabla ya saa sita mchana na kupata fedha zake. Hana sababu yoyote ya kumtafuta mtalii ili ampunguzie nusu ya bei.

Uzito nao husema. Dhahabu ni nzito kupita matarajio ya asiyeizoea: ujazo wa lita moja una zaidi ya kilo 19, ilhali shaba nyeupe ya ujazo uo huo haifiki kilo 9 na risasi ni kilo 11 hivi. Kisanduku kinachodaiwa kujaa dhahabu na kikanyanyuliwa kwa mkono mmoja kama pakiti ya unga kimejieleza chenyewe. Zaidi ya hayo ipo sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 hairuhusu mtu kufanya biashara ya madini bila leseni, wala kuyatoa nchini bila kibali. Mgeni aliyenunua kichochoroni hawezi hata kulalamika bila kujieleza mwenyewe kwanza, na matapeli wanalijua hilo vyema. Ndiyo sababu wanamtaka aone biashara hiyo kuwa siri yao wote.

Anayetamani kuona uchimbaji anaweza kwenda kwa idhini ya chama cha wachimbaji wa mahali hapo, akatazama, akauliza, akarudi. Azingatie tu kwamba zebaki hutumika katika kazi hiyo na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo machimbo si mahali pa kupeleka watoto.

Mpakani na kwenye mizani

Wasafiri wengi huingia Migori kupitia Isebania, mkabala na Sirari ya Tanzania. Wabadilishaji fedha wa mtaani huwapokea kwa viwango vinavyoonekana vizuri kuliko vya benki, kisha noti moja hukunjwa ikahesabiwa mara mbili. Yupo pia anayemsukumia mgeni noti za zamani za shilingi 1,000 za Kenya, ambazo ziliacha kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Mkenya hawezi kudanganyika, lakini Mtanzania au mtalii wa mbali huweza kuzipokea na kuzigundua hotelini. Benki na maduka yenye leseni ya kubadilisha fedha hukwepesha adha hiyo.

Anayetaka kwenda Migingo, kile kijiwe kidogo kuliko uwanja wa kandanda ambacho Kenya na Uganda zilikizozania vikali mwaka 2009, apite kwanza kwa maafisa wa serikali walioko Muhuru Bay au Sori, akiwa na kitambulisho au pasipoti. "Wakala wa Migingo" anayedai kuwa amekwisha kuwalipa maafisa wa pande zote mbili anauza matatizo.

Ulaghai, ikumbukwe, hauendi upande mmoja. Wapo wageni wanaomwonyesha mama muuza samaki ujumbe wa M-Pesa waliouandika wenyewe, wakabeba mbuta wa kilo nne na kuondoka. Wengine hulipa kweli, kisha wakiwa ndani ya gari huomba malipo yarejeshwe wakidai walikosea nambari. Hasara ya samaki mmoja huweza kula faida ya siku nzima ya mchuuzi huyo. Wachuuzi wengi siku hizi hawaangalii simu ya mnunuzi. Husubiri ujumbe uingie kwenye simu yao na kukagua salio. Mgeni asione kwamba anadharauliwa akiambiwa asubiri kidogo.

Aliyekwisha kutapeliwa

Muda ndio muhimu. Aliyetuma fedha kwa M-Pesa na kugundua ulaghai anaweza kuupeleka ujumbe wa uthibitisho wa malipo kwa nambari 456 ili kuomba yarejeshwe; fedha zikiwa bado hazijatolewa upande wa pili, zipo nafasi za kuziokoa. Nambari na jumbe za matapeli huripotiwa bila malipo kwa 333. Mtu akimpigia simu akijifanya mhudumu wa Safaricom anayetaka kumsaidia kurudisha fedha hizo kwa kumpa nambari ya siri, huyo ni tapeli wa pili aliyenusa damu. Kampuni hiyo haimwombi mteja nambari yake ya siri.

Kisha ni kituo cha polisi kilicho karibu, ambako taarifa huandikwa katika daftari la matukio na mlalamishi kupewa nambari ya OB. Watalii wengi hupuuza hatua hii kwa sababu kesho yake wanaondoka, na matapeli hutegemea kuondoka huko. Taarifa iliyoandikwa na kutiwa saini, picha za mazungumzo, jina lililotokea wakati wa kulipa na nambari ya usajili ya mashua au pikipiki vinaweza kuachwa hata kama mwenyewe anarudi Kisumu na gari la asubuhi. Nakala moja ipelekwe kwa mwenyekiti wa BMU wa ufuo huo. Mashua iliyolalamikiwa huko haipati abiria kwa urahisi wiki inayofuata, maana wenye mashua nyingine ndio wa kwanza kuhakikisha kwamba habari hiyo imefika.